Gemu ya Makaburi Kule Osieko

Kutoka Malaba hadi Osieko unaivuka Kaunti ya Busia karibu yote, kuanzia nchi ya Wateso kaskazini hadi ufuo wa Ziwa Victoria, kule Wanyala wanakopakana na Wajaluo wa Yimbo. Nimekulia mpakani na sikuwa nimewahi kufika huko. Kilichonipeleka mwezi wa Juni ni gemu moja ya zamani ambayo mjomba wangu amekuwa akinisimulia tangu nikiwa sijui kusoma, na ambayo mikono yangu haikuwa imeigusa hata siku moja.

Mjomba alikuwa tanboi wa trela miaka ya tisini, Mombasa hadi Kampala, Kampala hadi Mombasa. Anayeijua Malaba ya sasa, yenye kituo kimoja ambapo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja, hawezi kukisia foleni za wakati ule. Karatasi ziligongwa mihuri upande wa Kenya, kisha safari ya mihuri ikaanza upya upande wa Uganda. Trela zililala barabarani kuelekea Amagoro, dereva akiwa amejifunika shuka ndani ya kabini, tanboi akiwa nje akilinda matairi na maturubai. Kibanda kimoja cha chai kilikuwa na runinga na mashine ya gemu iliyofika kwa njia ya Dubai. Mjomba alikutana na gemu ya makaburi hapo, kati ya kikombe kimoja cha chai na kingine, akisubiri karatasi za mzigo. Alipoacha kazi ya barabara aliinunua mashine yenyewe pamoja na runinga na kaseti zake, akahamia kwa wakwe zake Osieko, akafungua kibanda karibu na ufuo.

Jina rasmi la gemu hiyo ni Ghosts 'n Goblins. Kampuni ya Capcom ya Osaka iliitoa mwaka 1985 chini ya mbunifu Tokuro Fujiwara, ikiwa mashine ya kusimama inayomeza sarafu kwenye kumbi za michezo. Mwaka uliofuata ikahamishiwa kwenye Famicom, mashine ya nyumbani ya Nintendo iliyoingia madukani Japani Julai 1983. Mashine ya mjomba si Famicom halisi. Ni mojawapo ya zile nakala zilizotengenezwa Taiwan na China, zikauzwa Urusi kwa jina la Dendy, Poland kwa jina la Pegasus, na kwingineko kwa majina yaliyoazimwa hata kwenye sinema za Hollywood. Waliokua na mashine halisi huko Japani na Marekani huihesabu gemu hii miongoni mwa ngumu kuliko zote za zama zake, na wapo waliozeeka bila kuona mwisho wake. Nilikwenda Osieko nikitaka kujua ugumu huo unatoka wapi, na kama ni ugumu wa haki.

Matatu ya asubuhi kutoka Malaba inapita Alupe, mihogo na mahindi huku na huku, Uganda ikiwa mkono wa kulia muda wote. Niliteremka Busia kununua sukari, sabuni, na adapta ya umeme ya volti 9, maana mjomba alikuwa amepiga simu kusema ile ya zamani imeanza kunuka. Busia ni mji wa kupita. Baiskeli zenye viti vya sponji bado zinavusha watu na mizigo kwenda upande wa pili na kurudi, na ukisimama mahali pamoja kwa dakika tano utasikia Kiteso, Kisamia, Kijaluo, Kiganda na Kiswahili, bei ikitajwa kwa shilingi za nchi mbili. Fundi wa redio aliyeniuzia adapta aliniuliza ni ya mashine gani. Nilipomweleza, hakucheka. Aliipima kwa mita, akatikisa kichwa, akasema kwenye mashine hizi ncha ya katikati huwa hasi na adapta yake ilikuwa chanya. Akakata waya, akazigeuza, akaziunga upya kwa risasi ya moto, akazifunga kwa utepe mweusi. Alisema alijifunza jambo hilo utotoni, alipoona mashine ya jirani ikitoa moshi.

Kutoka Busia hadi Port Victoria kupitia Funyula sitasema mengi, kwa kuwa nilibanwa katikati ya magunia na sikuona sana. Vilima vya Samia vinaonekana, kisha ardhi inalala tambarare kabisa, nawe unajua umeingia Budalang'i. Hapa mto Nzoia unafungwa kwa kingo za udongo, na kila mtu ana kumbukumbu ya mwaka ambao kingo zilipasuka. Ziwa nalo lina kumbukumbu zake: Mei 2020 maji yalifika kimo ambacho hakikuwa kimeandikwa tangu vipimo vianze, yakapita hata kile cha 1964. Niliyaona mabaki ya mwaka huo nikiwa ndani ya boti kutoka ufuo wa Marenga. Miti mikavu imesimama majini, na kuta za nyumba zisizo na paa zimebaki upande wa nchi kavu, mahali ambapo maji yalifika kisha yakarudi.

Tulipopita mbele ya mlango wa Nzoia maji yaligeuka rangi ya chai ya maziwa, na mpaka kati ya maji ya mto na maji ya ziwa ulionekana wazi, ukikatika palepale mbele ya boti. Magugu maji yakanasa kwenye propela. Nahodha akazima injini, akaiinua, akaanza kuyang'oa kwa kisu bila haraka, nasi tukaelea huku mama mmoja akigawa njugu. Hakuna aliyelalamika. Injini ilipowaka tena, kijana aliyekaa mbele aliniuliza naenda kwa nani. Nikamtajia mjomba. "Ah, kwa Mzee wa Makaburi," akasema, na abiria wote wakaelewa.

Juni ni mwezi wa marufuku. Kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, Kenya hufunga uvuvi wa omena ili samaki wapate kuzaliana, na ufuo ulio na watu wa omena hubadilika kabisa. Mashua zilikuwa zimevutwa nchi kavu zikalazwa ubavu. Wazee walikuwa wakitia kalafati kwenye nyufa, vijana wakishona nyavu chini ya mti, na taa za kuvulia usiku zilikuwa zimefungwa kwenye magunia. Kijana mmoja mshona nyavu alikuwa akipiga mluzi, wimbo mfupi unaojirudia, wenye haraka na wenye kitisho kidogo. Nilikuja kuujua baadaye. Ni muziki wa hatua ya kwanza ya gemu, uliotungwa na Ayako Mori, na Osieko unapigwa mluzi na watu ambao hawajawahi kusikia jina lake.

Kibanda cha mjomba ni cha mabati, kina paneli ya sola juu, betri ya gari ndani, na inveta inayovuma. Kuna benchi moja refu linalotazama runinga, na nyuma yake watu husimama. Ukutani kuna waya wa soketi nyingi za kuchajia simu, kwa kuwa kibanda kinaishi zaidi kwa simu kuliko kwa gemu. Sheria zimeandikwa kwa chaki: mwenye sare ya shule haingii, hakuna kupigana, hakuna kumgusa anayecheza. Bei ni shilingi 10 kwa maisha matatu.

Kibanda cha jirani kina PlayStation na mpira, na bei yake ni shilingi 20 kwa mechi. Mechi ina dakika zake. Ukifungwa mabao manane au ukifunga manane, utaondoka saa ileile. Kwa mjomba hununui dakika, unanunua maisha, na urefu wa shilingi yako unategemea vidole vyako. Niliona mtoto wa mvuvi akicheza mpaka chai yangu ikapoa, na niliona mtu mzima akimaliza pesa yake kabla sijakaa sawasawa. Ndivyo ilivyokuwa Japani mwaka 1985, kwa sarafu ya yeni 100. Mwenye ukumbi alihitaji sarafu nyingine iingie, kwa hiyo mbunifu alilazimika kukuua upesi. Lakini kama angekuua bila sababu usingerudi. Ilimbidi akuue kwa namna ambayo mtu mwenyewe, akitazama mifupa yake pale chini, anajua alipaswa kufanya nini. Nilikuwa nimelisoma jambo hili nikiwa Malaba. Osieko ndipo nilipoliona likitendeka, kwenye soko lenye kanuni zilezile, miaka zaidi ya thelathini baadaye.

Zamu yangu ilifika jioni. Kijana anayeshika zamu alitoa kaseti ya manjano, ambayo karatasi yake inadai kuna gemu 9999 ndani ingawa orodha inaanza kujirudia mapema sana. Akaipuliza, akaipachika, akawasha. Kioo kikatoka kijivu. Akaitoa, akaipuliza tena kwa upole zaidi, akaiegemeza kidogo upande wa kushoto, na picha ikaja. Runinga ni ile ya chogo. Kenya ilizima mitambo ya analojia mwaka 2015, na tangu hapo runinga ya namna hii isiyo na king'amuzi haipokei kitu kutoka hewani. Mashine ya gemu haihitaji hewa. Inatuma mawimbi yake kwa waya. Na kwa gemu hii chogo ni bora kuliko runinga bapa ya kisasa, kwa sababu runinga bapa huichakata picha kwanza ndipo ikuonyeshe, na hapo katikati, kwenye kipande kidogo cha sekunde, Arthur anakufa.

Arthur ni askari. Gemu inaanza akiwa ameketi makaburini na binti mfalme. Shetani anashuka, anamnyakua binti, Arthur anavaa deraya yake. Kabla hujapiga hatua hata moja, kioo kinakuonyesha ramani ya safari yote, kutoka makaburi hadi lango la mwisho, polepole, kisha kinakurudisha mwanzo. Sijawahi kusafiri safari yoyote nikaonyeshwa yote kabla ya kuondoka. Nilishika pedi nikaona jasho tayari limetoka viganjani.

Unaenda kulia. Wafu wanachomoza ardhini, popote, mbele yako au chini ya miguu yako. Hakuna kukariri wanapotokea. Mkuki unarushwa kwa kitufe kimoja, kuruka ni kingine. Mawe ya makaburi yanazuia mikuki, kwa hiyo ukirusha ukiwa umesimama nyuma ya jiwe umejirushia mwenyewe. Juu ya mawe kuna kunguru waliotulia, na wanaruka unapokaribia, kwa mwendo wa mawimbi. Ukiguswa mara moja, deraya inapasuka na Arthur anabaki na chupi. Benchi zima linacheka, kila mara, hata kama limeshaona jambo hilo tangu asubuhi. Ukiguswa tena anakuwa rundo la mifupa.

Jambo lililonishika zaidi ni kuruka kwake. Katika gemu nyingi shujaa akiwa hewani unaweza kumvuta nyuma ukiona hatari. Arthur haruhusu. Akishaacha ardhi ni jiwe lililokwisha kutoka mkononi: litatua pale ulipolielekeza, na kama kuna mfu anayechomoza hapo, umeshakutana naye. Kwa hiyo gemu inakudai uamue kabla. Vidole vyangu vilizoea simu, ambapo kila kosa lina njia ya kurudi, na hapa vilikuta mlango umefungwa. Nilikufa nikiwa hewani, nikijua kabisa kwamba ninakufa, na muda ukabaki wa kutosha kutazama.

Hapo benchi likaanza kusema. Mwanzoni nilidhani ni kelele tu za ukumbi. Kisha nikasikiliza. "Yule wa chungu, ndugu! Mpige yule wa chungu!" Kweli, baadhi ya wafu wanabeba chungu, na ukiwapiga chungu kinadondosha kitu: silaha, au alama za kuongeza hesabu, au deraya mpya kwa mwenye chupi. "Panda ngazi, chini kumejaa." "Piga ua kwanza." Ua ni mmea unaomtemea anayepita, unakaa juu ya kilima penye ngazi, na mtu mgeni hawezi kujua kwamba ni adui mpaka limtemee. Kijana aliyekuwa na zamu kabla yangu alikuwa ameokota mwenge wa moto, na kibanda kizima kilimlilia. Mwenge unarushwa kwa upinde, unaanguka karibu na kuwaka chini, na adui mfupi anaweza kupita kabla haujafika. Na ukishaokota silaha mpya ile ya kwanza haipo tena. "Usiokote moto" ni agizo la kwanza analofundishwa mtoto katika kibanda cha mjomba. Kisu kinapendwa kuliko silaha zote, kwa kuwa kinaruka kwa kasi.

Mahali ambapo shilingi nyingi za Osieko zimezikwa ni kwa shetani mwekundu. Amechuchumaa chini, mabawa yamekunjwa, anangoja. Ukimrushia mkuki kutoka mbali ananyanyuka, mkuki unapita chini yake. Halafu anacheza na wewe hewani. Anatelemka ghafla, anakwepa, anapanda tena. Waundaji wenyewe waliona nguvu yake. Mwaka 1990 Capcom walimpa gemu yake peke yake, Gargoyle's Quest, kwenye ile mashine ndogo ya mkononi ya Nintendo. Katika kibanda hiki wanamwita Askari wa Ziwa, na sitaeleza kwa nini. Mvuvi wa mpakani anaelewa.

Benchi lina mafundisho mawili yanayogombana juu yake. Wazee wanasema urudi nyuma hatua chache, umlazimishe akufuate, na umsubiri mpaka ashuke kimo cha kifua ndipo urushe, kwa sababu mkuki unaenda sawasawa na ardhi na kumrushia akiwa juu ni kupoteza. Vijana wanasema kurudi nyuma kunawaamsha wafu wengine mgongoni, bora umkimbilie, upite chini yake akiwa juu, kisha ugeuke. Nilijaribu ya wazee nikabaki na chupi. Nilijaribu ya vijana nikawa mifupa. Mjomba, aliyekuwa kimya muda wote akihesabu sarafu za simu, aliniambia bila kuinua macho: "Mpwa, tazama mabawa. Akiyakunja ndipo anashuka." Sikuwahi kuisoma habari hiyo popote. Ameiokota kwa macho yake, Malaba, kati ya muhuri mmoja na mwingine. Sijui kama mchoro una maana hiyo kweli au ni jicho la mjomba tu. Ninachojua ni kwamba kuanzia hapo nilimtazama adui badala ya kutazama mkuki wangu, na usiku ule nilimpita. Kibanda kikalipuka. Watu wasionijua walinipiga mgongoni hadi nikakohoa, na mara moja Arthur akatumbukia majini, kwa kuwa ng'ambo kuna mto na jahazi dogo linaloenda na kurudi, na hakuna aliyekumbuka kuniambia.

Siku iliyofuata mama mmoja anayeuza mandazi mlangoni alinishika mkono. "Mwanangu, wewe umesoma. Hii si ile kamari?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Mashine za kamari za kutumbukiza sarafu zilienea vijijini kwetu hadi madukani, watoto wakazilisha pesa za kusagia mahindi, mpaka mwaka 2018 serikali ilipozikusanya na kuziteketeza. Kwa nje mambo yanafanana: sarafu inaingia, mtoto anapoteza, mwenye mashine anatajirika. Nilimjibu nikiwa nimeketi kando ya karai lake, kwa sababu swali lilistahili kukaliwa. Nilimwambia mashine ya kamari haikujui, na siku ya mia moja utakuwa mjinga kama siku ya kwanza. Hii ya makaburi mtu akiweka sarafu yake ya mia moja anaenda mbali, na anayeketi karibu naye anaenda mbali pia bila kulipa. Akanitazama. "Lakini pesa ni ya omena," akasema. Hilo sikuwa na jibu lake, na mpaka leo naona alikuwa sahihi kunikumbusha. Mjomba naye analijua. Mtoto akirudi na sarafu ya tatu siku hiyohiyo anamwambia akae atazame.

Kutazama huko ndiko ninakotaka kukuzungumzia zaidi. Kwenye maandishi yanayosifu au kulaani gemu hizi, mchezaji huwa peke yake chumbani, anapigana na ukatili wa mashine usiku kucha. Ninaamini picha hiyo inaidhulumu gemu. Mwaka 1984, mwaka mmoja kabla ya Arthur, Namco walitoa The Tower of Druaga, kazi ya Masanobu Endo: mnara wa ghorofa 60, karibu kila moja ikificha hazina kwa masharti ambayo mtu mmoja hawezi kuyabahatisha. Kwenye kumbi za Japani wachezaji waliweka daftari, aliyegundua siri ya ghorofa fulani akaiandika, ajaye akasoma na kuongeza yake. Gemu za wakati ule zilizaliwa ndani ya ukumbi, mbele ya watu waliosimama nyuma yako wakisubiri zamu, na ugumu wake ulipimwa kwa akili ya ukumbi mzima. Mtu mmoja akipambana nayo peke yake nyumbani anabeba mzigo uliofungwa kwa ajili ya wengi. Osieko hakuna daftari. Kuna benchi, na kuna miezi minne ya marufuku ambayo watu wenye mikono stadi hawana pa kuipeleka.

Ni mikono stadi kweli. Mchezaji bora niliyemwona ni msichana anayeshona nyavu na kaka zake, asiyezungumza akicheza. Anatumia kisu, hasogei mpaka ajue, na akiruka unaona ameshaamua muda mrefu. Alivuka msitu, akaua zimwi kubwa linalolinda lango, akaingia hatua ya pili penye barafu na nyumba zenye majitu yanayotoka chumbani, wanaume wazima wakimfanyia kimya ambacho sikukisikia hata kwenye ibada ya Jumapili. Alipokufa alisimama, akampisha mwenye zamu, akarudi kwenye wavu wake. Nilimuuliza amejifunzaje. "Nilikaa nyuma," alisema, "mwaka mzima kabla ya kulipa."

Mimi mwenyewe nilifika mbele ya zimwi la lango na sikulipita. Sikusikitika. Nilikuwa nimeshajibiwa swali langu kuhusu haki: ugumu wenyewe ni wa haki pale ambapo kuna mtu wa kukuambia kuhusu chungu, ngazi na moto. Bila huyo ni ujanja wa kuchukua sarafu, na mwaka 1985 ulikuwa vyote viwili.

Usiku wa kuamkia safari ya kurudi, baada ya ugali wa mhogo na kamongo aliyetoka upande wa kinamasi cha Yala, niliwaeleza watu wa kibandani jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amefika kulijua. Ukifika mwisho wa gemu na kumshinda mkubwa wa mazimwi, maandishi yanakuambia kwamba chumba ulichomo ni mtego wa shetani, na unarudishwa makaburini uanze safari yote upya, mazimwi yakiwa makali zaidi. Binti anaachiliwa katika mzunguko wa pili tu. Kulikuwa na kimya kidogo. Kisha ukazuka mjadala wa bei.

Upande mmoja ulishikilia kwamba shilingi 10 ni ya maisha matatu, na ubao wa chaki hausemi lolote kuhusu mizunguko. Upande mwingine ukasema mtu aliyedanganywa na shetani hawezi kutozwa mara ya pili. Mjomba aliamua kwamba maisha yatakayobaki yataendelea, bila malipo mapya. Hapo mshona nyavu wa mluzi akauliza kuhusu betri. Mashine hii haihifadhi kitu. Ukizima, safari imefutika. Betri ya kibanda, kukiwa na simu kumi ukutani na taa juu, hufa kabla ya saa nne usiku, na mizunguko miwili ya mtu makini haiwezi kuisha hapo. Wakakubaliana kwamba siku mtu yeyote akifika chumba cha mtego, taa itazimwa na simu zote zitachomolewa, umeme wote uende kwa Arthur. Wenye simu walikubali mmoja baada ya mwingine, isipokuwa mwenye mashua ya kisiwa cha Sumba, ambaye alikuwa akisubiri kupigiwa kuhusu injini. Huyo alisema atakubali Agosti, uvuvi ukifunguliwa. Wakamwambia Agosti hakuna atakayekuwa kibandani.

"Basi malizeni Julai," akasema, na msichana wa nyavu akaomba zamu.